Simu Kutoka Embu

Watu wa Kanyakine wa rika la Gatakaa walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Kwa miaka ishirini na miwili aliketi mbele ya swichibodi ya posta ndogo iliyokuwa kando ya soko, akiunganisha watu. Kila mwenye simu alikuwa na tundu lake ubaoni, na juu ya tundu kifuniko kidogo cha bati. Mtu akipiga, kifuniko kinaanguka, tik, naye Gatakaa anachomeka waya na kuuliza, "Nambari tafadhali?" Ndivyo alivyojua nani amejifungua, nani amefiwa, na nani hasemezani na nduguye. Na alijua pia sheria ya kazi, aliyoapishwa siku ya kwanza akiwa msichana wa miaka ishirini: lililopita sikioni mwa opereta halifiki mdomoni.

Sheria hiyo aliishika, na ndiyo iliyomtesa maisha yake yote.

Ilikuwa Ijumaa moja ya mwezi wa saba, mwaka wa sabini na mbili, Gatakaa akiwa na miaka ishirini na miwili. Karibu saa tano asubuhi kifuniko cha Embu kilianguka. Mwanamume mwenye sauti nyororo, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, aliomba aunganishwe na ofisi ya wakulima wa kahawa, azungumze na Mwalimu Jadiel Kiunga. Kiunga alikuwa ameacha chaki akawa msemaji wa wakulima, na watu walishaanza kusema kwamba uchaguzi ujao kiti cha Bunge ni chake. Gatakaa aliwaunganisha. Sauti nyororo ilimwambia Mwalimu kwamba wakulima wa Manyatta wanamngoja saa tisa, na kwamba apitie barabara ya chini kwa sababu ya juu imeharibiwa na mvua. Mwalimu akakubali, akaweka simu chini.

Yule wa Embu hakuharakisha kuweka yake. Gatakaa, ambaye waya ulikuwa bado mkononi mwake, akamsikia akimwambia mtu aliyekuwa naye chumbani, "Amekubali. Waambie wamngoje darajani." Kisha akasikia kicheko kifupi.

Alivuta waya. Nyuma yake msimamizi, Bwana Njiru, alikuwa anakoroga chai. Gatakaa alifungua mdomo, akaufunga. Saa saba gari la Mwalimu lilipita mbele ya dirisha, likawapigia honi wanawake wa ndizi, nao wakampungia mkono. Kabla ya jua kutua habari ikafika kwamba Mwalimu amekutwa darajani ndani ya gari lake, risasi tatu kifuani.

Hakuna aliyeshtakiwa. Watu walilia kilio ambacho Imenti Kusini haikuwa imewahi kukilia, na kilio hicho kikakosa pa kwenda, kikageuka kazi. Wanawake walipanga mistari kutoka mtoni, wakapokezana mawe kichwa kwa kichwa. Wazee wakakata miti yao. Baada ya miaka miwili shule ya sekondari ikasimama juu ya kilima, ikaitwa Shule ya Kumbukumbu ya Kiunga. Gatakaa naye alibeba mawe. Alibeba mengi kuliko wenzake, na watu wakamsifu, naye akitamani ardhi ipasuke immeze. Aliolewa na Thuranira, fundi seremala mpole, akamzalia watoto wanne, akamzika, bila kumwambia. Mjukuu wake Kathure alisoma kwenye shule hiyo, kisha akarudi hapo hapo kufundisha Kemia. Kila alipomsifia Mwalimu Kiunga mbele ya nyanya yake, Gatakaa aliinuka kwenda kuangalia kuku.

Sasa ana miaka sabini na minne. Posta ya zamani ni duka la mbegu na dawa za mifugo, la mwanamke anayeitwa Joyline. Alhamisi moja ya mwezi wa saba, ukungu ukiwa umelala juu ya soko kama blanketi iliyoloa, Gatakaa alikwenda kununua chakula cha vifaranga.

"Kaa hapo kwa benchi, cucu," Joyline alimwambia, akimwita bibi kwa Kimeru. "Hii manyunyu itakuumiza kifua. Wacha nimalizane na huyu wa ng'ombe, alafu nikuletee gunia kutoka stoo."

Gatakaa akaketi. Duka lilinuka dawa na mahindi yaliyosagwa. Manyunyu yaligonga mabati polepole, na wazungumzaji mle dukani wakawa wanasikika kana kwamba wako upande wa pili wa mto. Ndipo aliposikia sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa zaidi ya miaka thelathini. Tik.

Ilitoka stoo. Aliinuka, akapita nyuma ya kaunta, wala Joyline hakugeuka. Alisukuma mlango. Kabla ya kuona chochote alitambua kwamba magoti hayaumi.

Swichibodi ilikuwa pale pale ukutani. Kiti kilikuwa pale, na sweta yake ya kijani, aliyoifuma mwenyewe, ilikuwa mgongoni mwa kiti. Aliitazama mikono yake; ilikuwa laini, bila mishipa. Nje ya dirisha hapakuwa na maduka ya simu wala pikipiki. Palikuwa na barabara ya matope, wanawake wa ndizi, na ukungu ule ule, kwa maana ukungu wa mlima haujui mwaka.

"Gatakaa, umelala?" Bwana Njiru alisema nyuma yake, kijiko kikigonga kikombe. "Kifuniko cha Embu kimeanguka."

Hakushangaa kama ambavyo angepaswa kushangaa. Baadaye alisema ilikuwa kama mtu anayeota huku akijua anaota, akiogopa tu kusonga haraka asije akaamka. Aliketi. Akachomeka waya.

"Nambari tafadhali?"

"Ofisi ya wakulima wa kahawa," sauti nyororo ikasema. "Mwalimu Kiunga."

Miaka hamsini na miwili alikuwa amejiuliza angefanya nini. Angekata simu? Yule mtu angepiga tena. Angemwonya Mwalimu? Mwalimu alionywa kila juma, na kila juma alicheka. Sasa mdomo wake ulisema wenyewe, kwa utulivu: "Subiri, bwana. Laini ya ofisi hiyo ina shida. Nitatuma mtu amwite aje aongee hapa posta. Usikate."

"Sawa. Lakini haraka."

Aliiacha laini wazi, akavua vyombo vya masikioni, akatoka mbio. Njiru alipiga kelele. Alivuka soko, matope yakimrukia hadi magotini, na ndani ya hofu yake yote kulikuwa na furaha ya kipumbavu kidogo, furaha ya kukimbia.

Mwalimu Kiunga alikuwa ofisini, mikono ya shati imekunjwa, anakula ndizi ya kuchoma huku akisoma barua. Gatakaa alikuwa amesahau jinsi alivyokuwa kijana. Kwenye picha iliyotundikwa shuleni alikuwa mzee wa heshima. Huyu alikuwa wa miaka thelathini na tisa, na alikuwa na majivu kidevuni.

"Mwalimu, kuna simu yako posta. Njoo uisikilize. Lakini usiongee."

"Simu ya kusikiliza bila kuongea?" Kiunga akacheka. "Hiyo si simu, hiyo ni redio."

"Mwalimu, nakuomba."

"Wewe si ndiye msichana wa 'nambari tafadhali'? Nani amekutuma?"

Machozi yakamtoka. Akamshika mkono wa shati kama mtoto anavyomshika mama yake sokoni, akamvuta. Labda Mwalimu alimwonea huruma, au alitaka kumaliza upuuzi huo ili arudie barua zake. Vyovyote vile, alikwenda.

Njiru alisimama mlangoni, mikono ameipanua. "Mtu wa nje haingii chumba cha mitambo. Ni sheria."

Gatakaa alipita chini ya mkono wake, Mwalimu akampita kwa bega. Gatakaa alimvisha Mwalimu vyombo vya masikioni, akamwekea kidole midomoni.

Hakusikia yaliyosemwa safari hii. Alitazama uso. Kwanza ulikuwa na kicheko kilichobaki. Kisha kicheko kikatoka, polepole, kama maji yanavyotoka kwenye beseni lenye ufa. Watu wa Embu, wakichoka kungoja, walikuwa wanaongea wao kwa wao. Mwalimu alisikiliza kwa muda ambao Gatakaa aliuona mrefu kuliko ndoa yake. Mwishowe aliinamia kipaza sauti.

"Huyu ni Kiunga," alisema. "Barabara ya chini sipiti. Na ya juu pia sipiti."

Akang'oa waya kwa mkono wake mwenyewe, akaketi juu ya gunia la vifurushi.

"Ulijuaje?" aliuliza.

"Nilisikia."

"Lini? Mimi ndio nimesikia sasa hivi."

"Zamani," Gatakaa akajibu, maana hakuwa na neno lingine.

Njiru alinyosha mkono mbele ya Gatakaa. Huyu hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu wa sheria, na sheria ilikuwa imevunjwa mbele ya macho yake. "Lete ufunguo," alisema. "Kesho usije. Wala kesho kutwa."

Gatakaa alimtazama Mwalimu. Alitegemea neno moja tu kutoka kwake. Mwalimu alitazama viatu vyake, akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma bila kugeuka. Gatakaa naye akaweka ufunguo mezani, akachukua sweta yake, akatoka. Nje ukungu ulikuwa mzito hata hakuona ngazi. Alipokanyaga chini, magoti yakamuuma.

Alikuwa ameketi kwenye benchi dukani. Manyunyu yalikuwa yanaisha. Nyuma ya kaunta, akiwa amevaa koti jeupe la dukani, Kathure alikuwa anamweleza mkulima jinsi ya kupima dawa ya kupe wa ng'ombe.

"Kathure?" Gatakaa alishtuka. "Shule mmefunga?"

"Shule gani, cucu?"

"Shule yako. Ya Kiunga. Joyline naye ameenda wapi?"

Kathure alimaliza na mteja wake, akaja akachuchumaa mbele ya nyanya yake, akamgusa paji la uso. "Joyline aliniuzia hii duka akaenda Kiirua, mwaka wa nne sasa. Umeota? Ulisinzia hapo nikaona nikuwache tu."

"Na wewe unafundisha wapi?"

"Mimi?" Kathure akacheka. "Na fomu two ndio nilifika? Hapa karibu hakuna sekondari, ile ya Nkubu nilikuwa naiendea kwa miguu mpaka nikachoka. Cucu, amka bwana."

Gatakaa akageukia mlango. Kilima kilikuwa kinatokeza ndani ya ukungu. Pale ambapo mabweni ya mawe yalisimama, palikuwa na miti ya makadamia, mistari kwa mistari, imetulia, inadondosha maji.

Aliuliza kwa sauti ndogo, "Kiunga alizikwa wapi?"

"Nani? Yule mzee alikuwa mheshimiwa kitambo? Azikwe na yuko hai? Jana tu msichana wake alikuwa hapa kununua dawa ya kupe."

Siku zilizofuata Gatakaa aliishi kama mtu anayekaa katika nyumba mbili. Maisha mapya yalimjia kidogo kidogo, jinsi shamba linavyoonekana ukungu ukiinuka: kwanza ua, kisha migomba, kisha njia. Alikumbuka kwamba baada ya kufukuzwa posta alishona nguo sokoni kwa miaka mingi. Alikumbuka Thuranira akimtengenezea meza ya cherehani. Thuranira alikuwa yule yule katika maisha yote mawili, na kwa hilo alimshukuru Mungu. Lakini maisha ya kwanza hayakuondoka. Bado aliweza kuona mistari ya wanawake na mawe, na wasichana wa sketi za buluu wakiteremka saa kumi jioni. Sasa ilipofika saa kumi jioni barabara ilikuwa tupu.

Alipoona hawezi kulala vizuri wala kula, alimwomba Kathure ampeleke kwa mzee Kiunga. Walikwenda Jumapili baada ya kanisa.

Nyumba ilikuwa ya mawe, ya kawaida, rangi imebanduka. Aliyewafungulia alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mnene, mwenye mwanya kwenye meno ya mbele, akajitambulisha kuwa ni Karwirwa, binti wa mzee, muuguzi wa wodi ya wazazi. "Karibuni. Baba yuko pale kwa jua. Macho imemwacha lakini masikio iko."

Gatakaa alimshika mkono akasahau kuuachilia. Alipiga hesabu. Mwanamke huyu alizaliwa mwaka wa sabini na nne, miaka miwili baada ya daraja. Kule kwingine hakuna mtu aliyewahi kuwa na jina lake, na watoto aliowapokea duniani walipokelewa na mikono mingine, au hawakupokelewa.

"Mama, uko sawa?" Karwirwa aliuliza.

"Niko sawa, mwanangu. Mkono wako una joto."

Mzee Kiunga alikuwa kwenye kiti, blanketi magotini, miaka tisini na mmoja. Gatakaa aliketi kando yake. Kathure na Karwirwa waliingia jikoni kutengeneza chai.

"Nambari tafadhali?" Gatakaa alisema.

Mzee aliinua kichwa. "Nilijua utakuja siku moja," alisema. "Nilitaka kuja mimi. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitaenda. Ningesema neno moja tu kwa Njiru, na ungebaki na kazi yako. Lakini nilikuwa naogopa. Nilitaka nitoke pale kabla mtu hajajua nilikuwa pale. Unaona? Watu waliniita simba."

"Si kitu. Nilishona nguo."

"Nilishonesha moja kwako bila wewe kujua," mzee akasema. "Suti ya Bunge. Nilimtuma mtu. Nilienda kipindi kimoja tu. Kipindi cha pili walinikataa, na walikuwa na haki. Niliahidi mengi, nikafanya machache. Bei ya kahawa ilianguka, wakaniita mwizi. Wengine wananiita hivyo hata sasa."

Hapo Gatakaa akamwambia yote. Hakuwa amemwambia mume wake wala mchungaji, akamwambia mtu ambaye yalimhusu. Alimwambia kuhusu daraja, risasi tatu, kimya chake mwenyewe. Alimwambia kuhusu mawe na shule na picha ukutani. Alingoja mzee amwone mwendawazimu. Mzee alisikiliza jinsi alivyosikiliza siku ile, ameinamisha kichwa.

"Walilia?" aliuliza mwishowe.

"Walilia mpaka wakajenga shule."

"Kumbe." Mzee alicheka hadi akakohoa. "Mimi nikiwa hai hawakunijengea hata choo." Kisha akauliza, "Shule ilikuwa nzuri?"

"Nzuri sana. Ilikuwa na maabara. Huyu mjukuu wangu alikuwa mwalimu hapo."

"Basi nimewanyima shule."

"Ni mimi nimewanyima."

Kutoka jikoni walisikia wale wawili wakicheka kitu, Karwirwa kwa sauti ya juu, Kathure akimkatiza. Mzee aligeuza uso upande wa sauti hizo.

"Huyo mnene ana kelele tangu azaliwe," alisema. "Unajuta?"

Gatakaa alifikiri kwa uaminifu, maana swali lilistahili. "Shule ninaililia," akasema. "Lakini nikirudishwa tena pale, nitakimbia vile vile."

Tangu siku hiyo alikuwa akija kila Jumapili. Mzee alipenda kusimuliwa mazishi yake. Alitaka kujua nani alihubiri, nani aliimba, na kama adui yake mkubwa wa kahawa alikuja. "Alikuja na alizimia," Gatakaa alimwambia, na mzee akafurahi siku nzima. Wakati mwingine Gatakaa alisahau jina la mwalimu mkuu wa kwanza, au rangi ya lango, na akagundua kwamba maisha yale yanamtoka taratibu, kama ndoto inavyotoka mtu akishaanza kuwasha moto asubuhi. Hakupigana nayo. Alimsimulia mzee yaliyobaki.

Jioni moja alimwambia Kathure pia. Walikuwa wanafunga duka. Kathure alisikiliza, ufunguo mkononi, na hakucheka kama Gatakaa alivyodhani.

"Kemia?" aliuliza. "Mimi?"

"Wanafunzi walikuogopa."

Kathure alitazama mistari ya chupa ukutani, kila moja na karatasi aliyoiandika kwa mkono, kipimo na tahadhari. Mwezi wa pili Gatakaa alimkuta nyuma ya kaunta na kitabu cha fomu three, amekifungulia juu ya mizani. Alisema Karwirwa amemwambia kwamba hata watu wazima hufanya mtihani wa kumaliza sekondari, na kwamba wakikutana Jumatano atamsaidia na Baiolojia.

Mzee Kiunga alikufa mwezi wa nne, mvua ndefu zikianza. Alikufa kitandani kwake alfajiri, Karwirwa akiwa amemshika mkono, na hakukuwa na lolote la kuandikwa gazetini. Mazishi yalikuwa na hema moja. Mheshimiwa wa sasa alituma salamu. Mchungaji alipouliza kama kuna rafiki wa marehemu mwenye neno, Gatakaa aliinuka kwa fimbo yake. Alitaka kusema mengi. Alitazama watoto na wajukuu wa marehemu, wengi kuliko alivyojua, wamejaza viti vya mbele, wengine wanasinzia, mmoja ananyonyesha.

"Alikuwa mtu wa kawaida," alisema. "Nashukuru alizeeka."

Watu walidhani ana zaidi, wakangoja. Aliketi. Baadaye walikula wali na nyama chini ya hema, mvua ikaongezeka, na Kathure akaenda kutafuta mwavuli.